Marafiki wa zamani wakutane Oktoba, si Desemba

Mhariri,

Huu ndio wakati ambao vikundi vya waliosoma pamoja, waliofanya kazi pamoja au waliokulia mtaa mmoja huanza kupanga siku yao ya mwaka. Nakuru hupokea wengi kwa sababu iko katikati: wa Nairobi na wa Kisumu wote hufika na kurudi siku hiyohiyo. Sisi tunaoandaa shughuli hizi huona vikundi vikififia mwaka baada ya mwaka, na si kwamba watu wameacha kupendana. Kinachoviua ni tarehe.

Desemba hupendwa kwa kuwa watu wako likizoni, lakini nauli hupanda, hoteli hujaa, kila ukoo una arusi au posa, na mtu ana siku chache tu za kukaa na wazazi kijijini. Januari ni karo. Aprili na Mei ni masika. Agosti ya miaka shufwa kama 2026 na 2028, wenzetu Wabukusu wako kwenye tohara na si haki kuwaita kwingine. Inabaki Oktoba. Jumamosi ya tatu ya mwezi huo haikosi kuangukia kati ya tarehe 15 na 21, karibu kabisa na Mashujaa Dei ya tarehe 20, na walimu, ambao hawakosekani katika kikundi chochote, bado hawajabanwa na karatasi za Novemba za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kikundi kikishakubaliana kuwa siku yake ni Jumamosi ya tatu ya Oktoba, hakuna tena haja ya kuuliza kwenye WhatsApp nani ana nafasi lini. Swali hilo huleta majibu kumi, kisha kimya.

Pesa nazo zichangwe mapema. Shilingi 500 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Septemba ni 4,500, na hakuna anayeumia. Zisikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Mweka hazina akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, mchango unaoingia hukatwa wenyewe kulipa deni lake, naye hulazimika kujieleza kwa kosa ambalo hakukusudia. Akifariki, fedha hukwama hadi familia imalize mambo ya urithi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi wawili au watatu.

Kuna jambo ambalo nalisema kwa uzito: siku hiyo isigeuzwe harambee. Mtu aliyepoteza kazi au anayeuguza mke husikia kuna bahasha itakayopitishwa, naye hukaa nyumbani. Mwaka wa pili anaona haya kwa kuwa hakuja wa kwanza, na hapo mmempoteza. Mwenye shida asaidiwe kimyakimya kupitia mweka hazina, siku nyingine. Hotuba nazo zipunguzwe. Wasomwe majina ya waliofariki, watu wasimame kidogo, kisha waachwe wazungumze. Viti viwe na migongo na choo kiwe karibu, maana walioketi dawati moja mwaka 1975 leo wengi wamepita miaka 60.

Kuhusu mahali, wengi hutaka Mbuga ya Ziwa Nakuru. Ni chaguo jema, ila lipieni kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kabla ya kuondoka nyumbani. Langoni hawapokei pesa taslimu, na kikundi kinachoanza kushughulika na simu pale hupoteza saa nzima ya asubuhi, ambayo ndiyo saa bora ya kuona vifaru. Kila mtu abebe kitambulisho, kwa sababu ndicho kinachothibitisha kwamba anastahili ada ya raia. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zinazolindwa, kwa hiyo katoni za maji ya chupa hubaki langoni. Watu 30 wachukue mitungi mitatu ya lita 20 na vikombe vya bati. Hayo ni maji ya lita mbili kwa kila mtu. Mkifika Baboon Cliff, fungeni vioo vya gari kabla ya kufungua chakula. Nyani wa pale huvizia mfuko ulio mkononi mwa mtu anayetazama ziwa, na mkishindana naye mtaumia.

Waliosoma Nakuru zamani huja wakitarajia ufuo uliofunikwa na flamingo. Wajulishwe mapema kwamba ziwa limepanda sana tangu mwaka 2010 hivi, likameza lango kuu la zamani na barabara za kando yake. Maji mengi yakiingia, magadi hupungua nguvu, na ule mwani wa kijani ambao flamingo hula hupungua pia. Ndege huhamia Ziwa Bogoria. Kama haja yenu ni flamingo, nendeni Bogoria kupitia Marigat, lakini hifadhi ile iko chini ya Kaunti ya Baringo na hulipiwa kivyake.

Walio upande wa magharibi wakichagua Msitu wa Kakamega, wasiandike tu "tukutane msituni". Msitu una pande mbili: Isecheno, kusini, chini ya Shirika la Misitu (KFS), ambako huingiliwa Khayega na Shinyalu, na Buyangu, kaskazini, chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS), kupitia barabara ya Webuye. Nusu ya kikundi ikienda huku na nusu kule, mchana umekwisha. Matembezi na mwelekezi yaanze saa mbili asubuhi, kwa sababu mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri. Kisumu, pale Dunga, agizeni samaki siku moja kabla. Karai ni chache, na sahani 30 zikiagizwa kwa mpigo, wa mwisho hula saa kumi.

Chakula cha Nakuru ni mbuzi. Kwa watu 30, chukueni wawili wa kilo 18 hadi 20 wakiwa hai badala ya beberu mmoja mzee, ambaye nyama yake ni ngumu na ina harufu. Kila mmoja hutoa kilo nane au tisa za nyama na mifupa, yaani zaidi ya nusu kilo kwa mtu, inayotosha pamoja na ugali. Unga wa kilo mbili hulisha watu wazima wanane hadi kumi. Mbuzi wachinjwe machinjioni na nyama ipigwe muhuri wa mkaguzi. Kimeta kiliua nyati wengi katika mbuga ya Nakuru mwaka 2015, na ugonjwa huo huua mtu pia. Makaa yaachwe yaive hadi yafunikwe na jivu jeupe. Yakiwa bado na miali, mafuta yanayodondoka hushika moto, nje huungua na ndani hubaki damu. Mbavu huchukua kama saa moja, mguu mzima saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo mguu utangulie. Kachumbari ikatwe mapema ukitaka, lakini chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kula, la sivyo nyanya huchuruzika maji.

Gari ndilo linaloharibu siku mwishoni. Matatu ina leseni ya njia yake; ikikodiwa kwenda kwingine, mwenyewe awe na kibali, na mkione. Gari la kibinafsi likibeba abiria wa kulipa, bima yake inaweza kukataa kuwafidia. Kutoka Nakuru kwenda Kisumu ni saa tatu na nusu hadi nne, kupitia Salgaa na njiapanda ya Mau Summit, ambako ukungu na malori havimwonei mtu huruma gizani. Gari liondoke saa tisa alasiri, hata kama mazungumzo yamenoga. Dereva apakuliwe chakula saa saba pamoja na wengine, apate na mahali pa kujinyoosha, na asipewe hata chupa moja ya pombe.

Msomaji wenu,
Nakuru