Barua kwa Salum kuhusu mkunga wa Ulenge

Raskazone, Tanga

Mpendwa Ndugu Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Ama baada ya salamu, nakuandikia kuirekebisha kauli niliyokupa siku ile ya bamvua, maji yalipokupwa kule kisiwani Ulenge, nawe ukamwona mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ametoa kichwa pangoni, huku kinywa kikifunguka na kufumba. Nilikwambia ana hasira. La, alikuwa akipumua tu. Matundu ya matamvua yake ni madogo, hivyo hana budi kuyasukuma maji kwa kinywa wakati wote.

Kwa madoa yake ya chui na baka jeusi kwenye tundu la matamvua, yule alikuwa mkunga mkubwa, ambaye wataalamu humwita Gymnothorax javanicus. Huyo hupatikana tangu Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki, na huweza kufikia urefu wa mita 3. Hana magamba wala mapezi ya ubavuni. Ana ngozi nene iliyopakwa ute, naye hupenya kwenye matumbawe mahali ambapo samaki mwingine angekwama. (Mama hapendi kabisa samaki huyu ashiriki jina na mzalishaji wa wazazi.)

Lakini lililoninyima usingizi ni koo lake. Samaki wengi hupanua kinywa ghafla, wakayavuta maji pamoja na windo. Ndani ya tundu jembamba hakuna nafasi ya kupanua chochote. Mwaka 2007, Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwa kumchunguza jamaa yake mmoja kwamba mkunga ana taya za pili kooni, zenye meno, ambazo huchomoka mbele, zikamnasa aliyekwisha kung'atwa na kumburura hadi ndani. Pweza naye ni chakula chake na hukaa mashimo hayo hayo, kwa hiyo sasa naelewa kwa nini wachokoaji wetu wa pweza hutanguliza kijiti, wala si mkono.

Zaidi ya hayo, katika Bahari ya Shamu, Redouan Bshary na wenzake walieleza mwaka 2006 jinsi chewa anavyomwendea mkunga pangoni na kumtikisia kichwa, kisha wakatoka kuwinda pamoja: samaki akimkimbia chewa na kujificha tunduni, humkuta mkunga, akimkimbia mkunga na kutoka nje, chewa anamngoja.

Watoto wake hawafanani naye hata kidogo, kwani huanza maisha wakiwa bapa kama jani, weupe wa kupenyeza mwanga, wakichukuliwa na mikondo mbali na mwamba.

Ukija tena, njoo mwezi ukiwa mpevu. Pango lile nimelikumbuka. Tutakaa kimya tuhesabu anafungua kinywa mara ngapi kwa dakika moja.

Wasalaam,
Rafiki yako, Hamisi