Alumini isigeuke plastiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaojifunza kuchora kwa programu za vekta, yaani zinazochora kwa mistari na maumbo badala ya pikseli, hasa Inkscape, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa. Mfano wangu ni sufuria ya alumini. Wengi wakitaka kitu kionekane cha kweli, huchukua picha ya simu na kuiachia programu iifuatishe yenyewe. Wanachopata ni vipande mamia, nodi (nukta zinazounda mistari) maelfu, faili zito na mchoro usiorekebishika. Sufuria ya alumini haihitaji hata maumbo 15.

Kosa la kwanza huwa kwenye umbo. Ukitazama sufuria kwa juu kidogo, mdomo wake ni duaradufu. Kitako nacho ni sehemu ya duaradufu, tena nene zaidi, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa jicho. Mdomo ukiwa na upana wa pikseli 400 na kimo cha 90, kitako cha upana wa 370 kipewe kimo cha 110 hivi. Anayenyoosha kitako kwa rula anaonyesha mdomo kutoka juu na ubavu kutoka mbele, na jicho hulikataa hilo mara moja.

Ubavuni ndiko alumini inakogeuka plastiki. Kitu cha kung'aa hakififii taratibu kutoka mwanga hadi giza. Huakisi dirisha, ukuta na sakafu kwa milia ya wima. Weka mpito wa rangi wa mlalo (rangi zinazobadilika kutoka kushoto hadi kulia) wenye vituo, yaani mahali unapoweka kila rangi, 7 hadi 9, na pale unapotaka mlia ukatike, sogeza vituo viwili viachane kwa asilimia 2 au 3 tu. Mlia wa giza kuliko yote usikae ukingoni. Uingize ndani kidogo, na ukingoni pabaki kijivu cha wastani, maana meza nayo hurudisha mwanga. Nyeusi tupu usiiguse. Tumia kijivu chenye ubuluu kidogo.

Ndani mambo hugeuka: mwanga ukitoka kushoto, ukuta unaong'aa ni wa kulia. Wanaonakili rangi za nje wakazipaka ndani hupata sufuria iliyozibwa.

Vivuli viwe viwili: chembamba cha giza kinachogusa kitako, na kipana chenye ukungu (kingo zilizofifia) kinachoelekea upande usio na mwanga. Bila kile chembamba, sufuria huelea. Ikiwa imekwisha kupikiwa kuni, ongeza masizi ya hudhurungi iliyokolea sehemu ya chini, yenye ukungu, yakikatwa kwa umbo la ubavu yasimwagike nje.

Tahadhari ya uchapaji: ukungu huo hugeuzwa pikseli unapohifadhi PDF, kwa hiyo hakikisha kipimo chake ni dpi (nukta kwa inchi) 300, si 96. Mipito ya rangi ya wavu (inayosambaza rangi pande zote kwa gridi ya nukta) nayo, ingawa inavutia, vivinjari vya intaneti haviionyeshi. Kazi ya tovuti ifanyeni kwa mipito ya kawaida.

Mwalimu wa usanifu wa picha,
Morogoro