Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Samaki wa Mapambo, Lubumbashi

Ndugu wanachama, wababa na wamama,

Naanza na fedha kwa kuwa hazina maneno mengi. Michango imetosha, deni hatuna, na daftari liko mezani kwa mhazini. Mwenye swali amwone baada ya kikao, aje na stakabadhi yake.

Kilichotuumiza kichwa mwaka huu ni kangaja, yule samaki wa baharini, si tunda. Wengi wetu tulianza kwa kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Maji chumvi tumeyaingia juzijuzi tu, na karibu kila anayeingia anataka kangaja wa bluu au wa manjano. Ni wazuri, sibishi. Lakini yule wa bluu anauzwa akiwa mdogo kama kidole, na akikomaa anafika sentimita 30. Huko baharini anashinda akikimbia kwenye matumbawe, hakai pembeni kungoja chakula. Kwa hiyo halmashauri imeamua: wa manjano asiwekwe kwenye tangi lililo chini ya lita 400, wa bluu lita 700. Najua kuna walionuna. Wanune, ila samaki apate nafasi.

Agizo la mwaka huu lilitoka Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya, maana mmoja alishajiandaa kwenda kuwachukua kwa miguu). Wakati wa kufungua mifuko yakazuka mabishano, na ningependa tuyamalize leo. Wazee wetu wamezoea kudondosha maji mapya mfukoni tone kwa tone kwa saa nzima au zaidi. Kwa samaki aliyesafiri mbali, mimi nasema hapana. Njiani amonia, yaani taka ya mwili wa samaki, inajikusanya mfukoni, lakini pumzi ya samaki inayafanya maji yawe na asidi kidogo, na asidi hiyo inaipunguza makali. Ukifungua mfuko ile hewa chafu inatoka, asidi inapungua, na amonia inageuka sumu kali samaki akiwa bado anaogelea humo. Afadhali tumuulize muuzaji mapema kiwango cha chumvi alichotumia, tuandae maji ya kiwango hicho hicho, mfuko uelee hadi joto lilingane, kisha samaki ahamishwe mara moja. Na asitolewe kwa wavu: kangaja ana kisu pande zote mbili za shina la mkia, kinanasa kwenye nyuzi, anajikata yeye na anakukata wewe. Tumieni bakuli la plastiki.

Kisha shaba. Mji huu umeota juu ya shaba tangu 1910, kwa hiyo kila mtu hapa anajiona mtaalamu wake! Kweli, shaba ndiyo dawa ya madoa meupe, ugonjwa unaompata kangaja upesi kuliko samaki wengi. Ile ya kawaida, isiyofungwa na kemikali nyingine, inahitaji miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ikipungua, vimelea vinaishi. Ikizidi, samaki anakufa. Inapimwa kila siku, haikisiwi kwa jicho. Tena isitiwe kamwe kwenye tangi kubwa: inaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe yanainyonya na kuitoa baadaye. Ndiyo sababu chama kimenunua tangi la kutengea, lisilo na mchanga wala mawe, na kila samaki mgeni atakaa humo wiki 4 hadi 6.

Juni na Julai mnazikumbuka. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, umeme unakatika, na tangi linalotaka nyuzi 25 linaanza kupoa. Nyumba moja huko Kampemba nilikuta kangaja wa manjano amepauka, mdomo uko juu ya maji, mashavu yanapiga haraka haraka. Baridi ilikuwa bado haijamfikia. Alikosa oksijeni, kwa sababu pampu ilikuwa imesimama na mji wetu, ulio karibu mita 1,200 juu ya bahari, una hewa nyepesi. Tuliwasha pampu ndogo ya betri, tukazungushia tangi mablanketi. Alipona. Pampu hiyo bei yake ni ndogo kuliko ya samaki mwenyewe, kwa hiyo sitaki kusikia udhuru.

Kuhusu chakula nitasema kidogo: mwani mkavu usio na viungo, ubanwe kwenye kioo kila siku. Nyama tupu itamdhoofisha. Na chumvi ya jikoni si chumvi ya bahari, hata ukiongeza kiasi gani.

Agizo lijalo ni Septemba, baridi ikiisha. Anayetaka kangaja ampe katibu jina lake na vipimo vya tangi: urefu, upana na kina. Picha ya simu haitoshi. Tutakuja na futi yetu.