Barua ya wazi: mheshimiwa wa afya ya umma, njoo sokoni saa nane mchana

Asalaam aleikum mheshimiwa. Mi ni mama mkaazi wa Malindi, nyumba yetu kama hakuna samaki basi siku hiyo hakujaliwa, kwahivyo haya nayaandika kwa uchungu.

Mabwana afya wako tunawaona sokoni saa mbili asubuhi, samaki ndo kwanza washushwa, mashavu mekundu, meza zimeoshwa, wanaandika yao wanaenda. Sasa nakuomba uje wewe mwenyewe saa nane. Uione ile ndoo moja ya maji yashageuka damu, magamba yaelea juu, changu anachovywa humo, pweza humo, kamba humo, kisu humo, alafu kitambaa hichohicho ndo cha kupangusia meza na kufukuzia nzi. Mmoja tu akitoka msalani hajanawa mikono, sote tushabeba nyumbani.

Na joto la kaskazi walijua. Kuna bakteria wa baharini aitwa Vibrio, anapenda chumvi na joto, samaki akilala bila barafu, huyo bakteria ndani ya saa moja tu aweza kuzaana mara kadhaa. Huyo afadhali, moto unamuua. Jodari na nguru ni habari nyengine kabisa, wakikaa kwa joto bakteria wanatengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, ndani ya nyama, na hiyo ukaange, ukachome, ukatie friza, haitoki, na pengine ata harufu usisikie. Februari nilinunua vipande viwili vya jodari nikavikaanga mpaka vikakauka, haikufika nusu saa mwanangu uso mwekundu, midomo yamuwasha, anatapika. Tukadhani samaki wamkataa. Kesho kutwa akala changu, hakuna kilichomfika.

Wauzaji na mama karanga (wale wakaangao samaki) siwalaumu jamani, barafu wananunua kwa pesa yao na ikiyeyuka ndo basi, bomba lenyewe kavu. Tupe mtambo wa barafu ya maji safi (ya maji machafu nayo yabeba bakteria), bomba litoe maji, samaki wakae chini ya digrii 4 toka chomboni mpaka mezani, na sampuli za mchana ziende maabara alafu majibu yabandikwe mlangoni tuyasome.

Siku utakayokuja ntakua pale kwa meza za jodari, nikuonyeshe hiyo ndoo.