Neema, mlima wenu ulititia

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Huku Dar joto ni lilelile, na foleni ya Ubungo unaijua.

Nimefurahi kusikia shule imekupokea vizuri. Ila uliposema usiku hupati usingizi ukiifikiria Ngorongoro italipuka siku moja ikawafunika watu wa Karatu, nikaona nisichelewe kukujibu. Haya mambo nimeyasomea na nayapenda.

Kwanza ondoa mawazo ya shimo lililochimbuliwa na mlipuko. Pale palisimama mlima mkubwa kwelikweli. Wapo wataalamu wanaoukadiria kimo chake kukaribia cha Kilimanjaro. Takriban miaka milioni 2 iliyopita, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojaa chini yake ilitoka kwa wingi, nyingine lava, nyingine majivu ya moto. Chini pakabaki hapana cha kubeba uzito, na kilele kikatitia, kama paa la nyumba iliyong'olewa nguzo. Ardhi ilikatika kwa mzunguko, ndiyo maana ukuta wake umezunguka pande zote, kimo mita 600 hivi, na sakafu yake ina kilomita za mraba zipatazo 260. Kwa kuwa bonde limefungwa kote, maji ya mto Munge yanayotoka mlima jirani wa Olmoti hayana pa kwendea. Yanaishia Ziwa Magadi, jua linayakausha, chumvi inabaki.

Chuoni tulipewa kipande cha mwamba wa majivu ya namna hiyo tukiangalie kwa lenzi. Ndani yake mna mistari myeusi, myembamba, imelala upande mmoja. Hayo yalikuwa mawe mepesi yenye matundu ya hewa. Yalitua na majivu yakiwa bado laini kwa moto, uzito wa juu ukayalalia mpaka yakawa bapa, matundu yote yakazibika, ikabaki kioo tupu. Hebu fikiria joto la siku hiyo, Neema! Mimi hadi leo nikikishika kipande kile nasisimka.

Na majivu ya milima ya huko Ngorongoro hayakuishia kwenye miteremko. Upepo na maji viliyafikisha kwenye korongo la Olduvai, yakalala tabaka juu ya tabaka. Humo ndimo Mary Leakey alimolikuta fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959. Majivu ya volkano yana madini yenye potasi, na sehemu ndogo ya potasi hiyo hugeuka gesi ya agoni polepole, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima agoni iliyokusanyika, unapata umri wa majivu, na kwa hivyo umri wa kilichofukiwa humo. Ndivyo tulivyojua kwamba fuvu lile lina karibu miaka milioni 1.8. Bila volkano tungebaki na mfupa tu, tusijue ni wa lini. Waambie wanafunzi wako hivyo, kwa sababu ni historia ya milima wanayoiona kila asubuhi.

Sasa hofu yako. Ngorongoro yenyewe huhesabiwa kuwa imezimika. Aliye hai ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini yenu. Lava yake haina mfano duniani leo: imejaa kaboneti ya sodiamu, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava nyingi, inatiririka ikiwa nyeusi na baada ya muda mfupi hewani inageuka nyeupe. Julai 2007 ardhi ilitetemeka sana upande wa mlima Gelai, na Septemba mwaka huohuo Lengai ikaanza kurusha majivu juu. Kwa hiyo ukisikia mtikisiko usishangae, Bonde la Ufa bado linapanuka. Kilicho muhimu ni watoto wajue kutoka darasani kwa utaratibu na kukaa mbali na kuta. Hilo wafundishe mapema, tena kwa mazoezi.

Likizo ukija, twende Makumbusho ya Taifa, kwani fuvu la Zinjanthropus limehifadhiwa hapahapa Dar. Njoo na maswali ya wanafunzi yameandikwa, tutayajibu pamoja. Mama Juma wa jirani anakusalimu, na anauliza vitunguu vya huko gunia bei gani.

Wasalaam,
Rehema