Fundi wa stadi za gari la mbio apimwe kabla hajashika nyundo

Mhariri,

Tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kurasa za michezo hazikosi picha za magari yakitimua vumbi la Naivasha. Kuna kundi lingine kubwa lisilopigwa picha: wenye Impreza kuukuu, Starlet au Nissan Sunny iliyofungwa keji ya mabomba, wanaokwenda autocross, zile mbio fupi za uwanja wa udongo, wikendi na Jumatatu wako kazini. Hawa hawana timu. Wana fundi mmoja wa mtaani, na huyo ndiye anayeamua kama gurudumu litabaki kwenye gari au litatangulia mbele peke yake. Naomba nafasi nieleze namna ya kumchagua fundi wa kubadilisha stadi za magurudumu, yaani zile bolti zinazochomoza kwenye habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) na kukazwa nati. Ni kazi ndogo, na kwa sababu ni ndogo hata fundi hodari wa injini huifanya ovyo.

Wengi hudhani stadi ndiyo inayobeba gari. Kazi yake hasa ni kuivuta rimu ibanane na habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito, breki na kona. Stadi ya milimita 12 ikikazwa kwa Nm 100 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukazia), nyuzi zake zikiwa safi na kavu, huvuta kwa nguvu ya takriban tani nne. Mvuto huo ukipungua rimu huanza kucheza, na kila gurudumu linapozunguka stadi hupindwa kidogo na kurudi. Haionekani kwa macho, lakini ndivyo chuma kinavyochoka. Kwa hiyo stadi iliyokatika mara nyingi imeponzwa na nati iliyolegea.

Fundi wa kuaminika ataanza kwa kuomba kile kipande kilichokatika. Akikuta uso wenye mistari ya duara inayosambaa kutoka pembeni kama ya gogo lililokatwa, na labda upande mmoja una kutu, anajua ufa ulianza zamani na ulikuwa ukikua. Akikuta stadi imenyooka, yaani imevutika na kuwa nyembamba kabla ya kukatika, anajua mtu aliikaza kupita kiasi. Majibu hayo mawili yana tiba mbili tofauti. Anayekitupa kipande kwenye takataka na kusema "tutaweka nyingine" atarudishiwa gari lile lile.

Ufa wa uchovu humfanya fundi atafute kilicholegeza nati. Kwa magari yetu ya udongo, mshukiwa wa kwanza ni uchafu: vumbi, rangi mpya au kutu kati ya rimu na habu. Nati inakazwa mpaka kipimo, gari linakimbia kilomita chache, ule uchafu unasagika na mvuto unapotea. Wapakao rangi habu ili ipendeze kwenye picha wajue kwamba uso unaogusana na rimu haupakwi kitu. Unasuguliwa kwa brashi ya waya, basi.

Mshukiwa wa pili ni nati isiyolingana na rimu. Kuna nati zenye kikalio (sehemu inayogusa rimu) cha koni, zenye kikalio cha mviringo na bapa zenye washa. Nati nyingi za Honda za kiwandani ni za mviringo, ilhali rimu nyingi za kununua zinataka koni. Ukichanganya, nati inagusa mstari mwembamba tu wa chuma, inakaa kana kwamba imekaza, kisha inajilegeza.

Wa tatu ni spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu kuisogeza rimu nje. Spesa ya milimita 10 iliyopachikwa kwenye stadi za kiwandani inameza mizunguko minane ya nati kwenye Subaru. Hapa kuna kipimo ambacho mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe bila kifaa: hesabu nati inazunguka mara ngapi kutoka inaposhika uzi hadi inapogusa rimu. Nati inatakiwa ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi, na kwa gari la mbio ni vizuri ifike mara moja na nusu. Subaru, Nissan na Suzuki hutumia uzi wa 12 kwa 1.25 (unene milimita 12, na kila mzunguko nati husogea milimita 1.25), kwa hiyo ni mizunguko 10 kwa uchache, 15 kwa mbio. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi hutumia 12 kwa 1.5, yaani 8 kwa uchache, 12 kwa mbio. Hakikisha pia nati yenyewe ina uzi wa urefu huo ndani.

Tofauti ya nyuzi hizo mbili ndiyo mtihani wa kwanza wa kumpima fundi kwa mdomo. Muulize stadi za gari lako ni za uzi gani. Asiyejua lakini anachukua kipimo cha nyuzi na kupima, mwachie kazi. Anayejibu "zote ni sawa, ni kumi na mbili" aachwe. Nati ya 1.25 huingia kwenye stadi ya 1.5 mzunguko mmoja au miwili kisha inagoma, na mwenye bunduki ya upepo (mashine ya kukazia nati) hatasikia ikigoma.

Stadi mpya nazo zina mitego. Zaidi ya uzi na urefu, kuna shingo yenye mistari inayong'ata tundu la habu. Stadi mbili zinaweza kuwa na uzi mmoja lakini shingo zikapishana milimita moja au mbili, wakati hata tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita ina maana. Ikiwa nyembamba, itazunguka nati inapokazwa. Ikiwa nene, itapasua habu au kukwama njiani. Fundi apime shingo ya zamani na mpya kwa vernia (kifaa cha kupimia unene), na asitegemee maneno ya muuza duka wa Kirinyaga Road kwamba "hii ni ya Subaru".

Kisha daraja la chuma. Tafuta alama 10.9 au 12.9 kichwani, au jina la mtengenezaji anayejulikana na anayechapisha vipimo vyake. ARP ya Marekani ni mmojawapo. Stadi iliyokerezwa mtaani kutoka nondo laini ikataliwe hata kama fundi mkerezaji ni rafiki. Chuma laini cha unene huo huanza kunyooka kikivutwa kwa tani mbili na kitu, na wewe unataka nne. Dalili yake ni kwamba unakaza, unakaza, na toki (spana ya kupimia mkazo, inayogonga ikifika kipimo) haigongi kamwe. Tena nyuzi za kukerezwa hukata chembechembe za chuma, wakati za kiwandani hubanwa kwa rola na kustahimili uchovu zaidi.

Sasa namna ya kuitoa ya zamani, na hapa ndipo nyundo inapoleta hasara kuliko stadi yenyewe. Habu ikiwa bado kwenye gari, kila pigo la nyundo hupitia beringi. Gololi zinagonga njia zake na kuacha vishimo vidogo. Gari linatoka gereji likiwa kimya, na baada ya muda linaanza kuunguruma, na hakuna anayekumbuka nyundo. Muulize fundi: "Stadi utaitoaje?" Jibu zuri ni kwamba ataifungua kalipa na kuitundika kwa waya isining'inie kwa paipu ya breki, atatoa diski, kisha ataisukuma stadi nje kwa klampu ya kusukuma au kifaa cha kutolea bolijointi. Jibu zuri zaidi, kwa gari la mbio, ni kwamba habu itafunguliwa na kupelekwa kwenye presi (mashine ya kushindilia). Kwenye magari mengi kuna sehemu moja tu nyuma ya habu yenye nafasi ya kupitisha stadi, na stadi ndefu za mbio mara nyingi hazipiti hapo hata kwa dua. Fundi akipendekeza kukata kichwa cha stadi upande mmoja au kuipinda kidogo ili ipite, chukua funguo zako. Na kama beringi ni ya kushindiliwa, habu ikitoka uwe na beringi mpya mkononi, maana ya zamani kwa kawaida huharibika katika kutenganishwa.

Kuingiza kuna njia inayokubalika bila presi. Zinapangwa washa nene tatu au nne zenye grisi kati yake, nati ya kazi hiyo tu inageuzwa upande bapa uguse washa, na stadi inavutwa polepole kwa spana ya mkono mpaka kichwa kilale sawa nyuma ya habu. Nati hiyo ikatupwe. Kuivuta kwa bunduki ya upepo huchuna nyuzi na kuinyoosha stadi kabla haijafanya kazi hata siku moja. Baada ya hapo fundi aingie nyuma na tochi. Bapa jembamba la kupimia nafasi lisipite chini ya kichwa. Wako wanaoziweka stadi kwenye friza kwanza ili zisinyae. Hesabu inasema zitasinyaa chini ya sehemu ya mia ya milimita. Haina madhara, lakini haina kazi.

Stadi ikizunguka ndani ya tundu, tundu limekwisha. Utasikia mapendekezo mawili: kugonga ponchi kuzunguka tundu, au kuchomelea kichwa. Ponchi hushika mpaka kona ya kwanza. Moto wa kuchomelea nao huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani na kuacha ukanda unaokatika kama kioo. Dawa ni habu nyingine, au stadi ya shingo nene zaidi iliyopimwa kwa tundu hilo. Na ikikatika moja, badilisha zote za gurudumu hilo, kwa sababu zilizobaki zilibeba mzigo wa mwenzao bila wewe kujua.

Mtihani wa mwisho ni ukutani kwa fundi: je, kuna toki? Vitabu vya magari mengi ya kundi hili vinataka kati ya Nm 80 na 120, nyuzi zikiwa kavu. Bunduki ya upepo ya nusu inchi inaweza kupita Nm 400. Ukipaka mafuta kwenye nyuzi kisha ukakaza hadi Nm 200, stadi ya 10.9 inavutwa kwa tani zipatazo 11, na yenyewe huanza kunyooka kabla ya tani 9. Fundi mwangalifu huanza nati zote kwa vidole, gurudumu likiwa hewani, anakaza kwa nyota (nati moja, kisha ya upande wa pili) hadi Nm 50, anashusha gari, anamalizia kwa toki. Atakuambia pia urudi baada ya kilomita 50, habu ikiwa imepoa, kwa kuwa stadi mpya huendelea kujikalisha. Asipokuambia, rudi tu.

Wenye stadi ndefu watumie nati zilizo wazi mwisho. Nati yenye kofia hugonga ncha ya stadi ikadanganya kuwa imekaza, kumbe rimu inacheza.

Fundi wa namna hii anapatikana wapi? Ushauri wangu utawashangaza vijana wa turbo: jaribuni gereji za malori na mabasi. Stadi za lori za milimita 22 hukazwa karibu Nm 600, na anayezishughulikia kila siku ana presi, ana toki, na anajua gurudumu likichomoka linaua nani. Mpelekee vitabu na vipimo vya gari lako, na mkubaliane malipo kwa habu nzima. Ukimlipa kwa stadi moja moja unamlipa aharakishe.

Kwa vilabu vinavyoandaa autocross, naomba jambo moja. Wakaguzi wenu hukagua mikanda, helmeti na kizima moto. Waongeze kufungua nati moja kwa kila gurudumu na kuhesabu mizunguko, kisha waikaze kwa toki mbele ya dereva. Magari yasiyofika hesabu yasiingie uwanjani siku hiyo.

Mpenzi wa mbio za magari,
Nairobi