Ukaguzi wa faili za majaribio kuanzia Jumatatu

Wanakikundi, habari za jioni. Kuanzia Jumatatu, Ruff, programu inayotafuta makosa kwenye msimbo wa Python, itakagua pia folda ya majaribio (tests) kila mtu anapotuma mabadiliko. Penye kosa, hakuna kuunganisha kwenye tawi kuu mpaka lirekebishwe.

Najua wengine mtaona ni usumbufu. Lakini fikirini hili: ukiandika fanksheni mbili zenye jina moja, tuseme test_malipo, ndani ya faili moja, Python inabaki na ya pili tu. Ya kwanza haiendeshwi kabisa, pytest, inayoendesha majaribio, inaonyesha kijani (yamefaulu), nasi tunaamini malipo yamepimwa. Kanuni F811 ya Ruff inalinasa kosa hilo papo hapo. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha.

Kanuni S101, inayokataza assert (amri ya kuhakiki kwamba sharti ni kweli), nimeizima kwa folda hiyo tu kupitia sehemu ya per-file-ignores kwenye faili ya mipangilio, pyproject.toml, kwa sababu majaribio ya pytest yanategemea assert. Msiizime kwingineko: Python ikiendeshwa kwa chaguo la -O, assert zote hurukwa.

Kabla ya kutuma kazi, endesheni kwanza ruff check tests kwenye kompyuta zenu. Atakayekwama aandike humu humu, tusaidiane.